Nimebadilisha diski ya laptopu, folda zangu zote za barua pepe zimepotea. Zimeenda wapi?

#1 Karatasi
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, nina presha hapa. Laptopu yangu ilikuwa imeanza kuchoka, ukiiwasha unasubiri robo saa ndio uone dekstopu, nikampelekea fundi akasema diski imekwisha, tuweke mpya ile ya SSD. Sawa, akaweka. Nyaraka zipo, picha zipo, hata ile picha ya kwenye skrini kairudisha ile ile. Nikafungua barua pepe, nikaweka paswedi, inbox ikaja. Ila folda zangu hakuna hata moja. Mimi ni mhariri wa miswada, kila mwandishi nina folda yake, zilikuwa 23 na nyingine zina folda ndogo ndani, rasimu zote na maoni yote tuliyobishana na waandishi toka 2011 yamo humo. Sasa hivi kushoto naona inbox, zilizotumwa na takataka basi. Na hiyo inbox yenyewe inaanzia wiki mbili tu nyuma! Fundi anasema kahamisha kila kitu, emaili zinakaa intaneti, kwa hiyo niwaulize wenye intaneti yao. Zimefutika kweli? Kuna aliyepatwa na hii?

#2 mdadisi_1
Pole sana. Umeangalia kwenye takataka? Ngoja waje wajuzi.

#3 Waya2
Pole mkuu. Kabla hujabonyeza chochote jibu haya: diski ya zamani iko wapi, programu gani unatumia kusomea emaili, na akaunti ni POP (barua zinashushwa kwenye mashine yako) au IMAP (barua zinabaki seva, yaani kompyuta ya mwenye huduma). La kwanza ndio kubwa kuliko yote. Kama iko kwa fundi mpigie sasa hivi, usingoje kesho, mwambie asiifomati wala asimfungie mtu mwingine. Diski za zamani zikikaa kwa fundi zinapata kazi nyingine haraka sana.

#4 SautiYaFeni
Wakuu tusitishane. Siku hizi kila mtu ni IMAP, folda zipo kwenye seva. Ingia kwa brauza utazikuta zimetulia. Programu mpya mara nyingi haionyeshi folda mpaka uziandikishe, unabonyeza kwa kulia jina la akaunti unachagua kujiandikisha unaweka tiki. Dakika mbili kazi imeisha.

#5 Karatasi
Asanteni kwa kujibu haraka. @Waya2 diski ya zamani ninayo mimi, fundi alinipa ndani ya bahasha ya kaki, iko droo ya meza. Programu ni Thunderbird, ninayo miaka mingi. POP au IMAP sijui, niliset zamani nikasahau. @SautiYaFeni nimeingia kwa brauza, nimekuta inbox ya wiki mbili vile vile. Folda hakuna. Moyo unanienda mbio.

#6 NyukiMzee
Hapo kwenye wiki mbili ndipo nilipokaa kitako. Mkuu Karatasi hizo wiki mbili hazikuja kwa bahati. Thunderbird ukiiwekea akaunti ya POP, kwa kawaida yake inashusha barua kwenye mashine yako halafu inaacha nakala kwenye seva kwa siku 14, zikipita inaiambia seva ifute. Kwa hiyo miaka yote hiyo seva yako ilikuwa kama sanduku la posta tu, barua inalala humo kidogo mpaka uje uichukue, nyumbani kwake ni kwenye diski yako. Na folda ndio kabisa, POP haijui folda, inajua inbox peke yake. Folda zako 23 ulizitengeneza kwenye diski na hazijawahi kupanda intaneti hata siku moja. Fundi amesema kweli kwa watu wa IMAP, kwako wewe hapana. Kwa hiyo usiogope, zipo kwenye hiyo bahasha ya kaki. Usiichomeke popote kwanza mpaka tukuelekeze.

#7 SautiYaFeni
@NyukiMzee unaenda mbio. POP ni ya enzi za mababu, IMAP ndio mpya, na mtu aliyeanza 2011 kwa nini atumie POP? Halafu kutoonekana kwenye brauza siyo ushahidi. Kuna kurasa za emaili za brauza nazo zinafuata hiyo hiyo orodha ya folda ulizojiandikisha, usipojiandikisha hazikuonyeshi hata kama zipo. Mimi yamenikuta, folda ilikuwepo seva lakini macho hayaioni. Aingie kwenye mipangilio ya folda huko huko kwa brauza aangalie.

#8 Kobe74
Sahihisho dogo kwa SautiYaFeni. POP ya kwanza iliandikwa 1984, IMAP Mark Crispin alianza kuitengeneza 1986 akiwa Stanford. Wamepishana miaka miwili tu, hakuna babu wala mjukuu hapo. Tofauti ni wazo. POP ilifikiriwa kwa mtu mwenye mashine moja ambaye intaneti yake ni ya kuunga na kukata, unashusha unakata laini unasoma taratibu. IMAP ilifikiriwa barua zibaki seva na wewe uzione toka popote. 2011 watu wengi tu walikuwa bado POP, hasa wenye akaunti zenye nafasi ndogo kwenye seva, sanduku likijaa emaili zinarudi kwa mtumaji, ndio maana unashusha na kufuta.

Ila hoja yako ya kujiandikisha na brauza ni ya kweli, hilo nakuunga mkono.

#9 mdadisi_1
Kumbe! Mi nilidhani IMAP ni ya juzi juzi.

#10 bint_alfajiri
Salaam. Mimi yalinikuta kama haya ila ni Outlook. Nilibadilisha diski, folda za miaka sita hazipo. Nililia kwa kweli. Kwenye Outlook yote yanakaa ndani ya faili moja lenye mkia wa .pst, na toka Outlook 2010 kwa kawaida linakaa ndani ya Documents kwenye folda inaitwa Outlook Files, kwa hiyo aliyenihamishia Documents alikuwa kanihamishia na barua bila yeye kujua wala mimi kujua. Lilikuwa pale pale siku zote tisa nilizokuwa nalia. Unaenda kwenye menyu ya faili, fungua, faili la data, unalichagua, folda zote zinatokea upande wa kushoto kama zilivyokuwa. Matoleo ya zamani ya Outlook yalikuwa yanaliweka ndani ya folda ya AppData ambayo imefichwa, hapo ndio wengi wanaliacha nyuma.

Na angalieni ukubwa, PST ikizidi inaharibika. Zamani ilikuwa GB 2 kisha toka 2003 wakaweka GB 50.

#11 Kobe74
@bint_alfajiri karibu sana kwenye ukweli. GB 2 ni mpaka Outlook 2002. Toka 2003 na 2007 kikomo cha kawaida ni GB 20, hiyo 50 imekuja na 2010. Na mwenye OST asije akachanganya na PST, OST ni nakala ya kilichopo seva na imefungwa na profaili iliyoitengeneza, ukiinakili ukaipeleka mashine nyingine Outlook haitaifungua hivi hivi.

#12 bint_alfajiri
Sawa mwalimu, 20 basi. Asante.

#13 Karatasi
Nimerudi. Nimeangalia mipangilio ya akaunti kwenye Thunderbird, imeandika POP, bandari (port) 995. Kwa hiyo NyukiMzee amepatia?

#14 SautiYaFeni
Subiri hapo hapo. Hiyo akaunti nani kaiset? Ni fundi, juzi. Thunderbird ni mpya, diski ni mpya, kwa hiyo POP ya leo haisemi chochote kuhusu ya zamani. Inawezekana wewe ulikuwa IMAP bandari 993 na fundi kaweka POP bila kukuuliza, na hiyo POP ndio imeanza kufuta seva! Nyie mnashangilia wakati moto unawaka.

#15 NyukiMzee
Hoja nzuri ya kwanza umeitoa leo, ya pili hapana. Zile siku 14 zinahesabiwa toka siku programu iliposhusha barua. Fundi kaset juzi, kwa hiyo alichoshusha juzi hakiwezi kufutwa kabla ya wiki mbili kuanzia juzi. Za mwezi uliopita na mwaka uliopita zilishafutwa na mpangilio wa zamani. Na hata POP ifanyeje inagusa inbox tu, folda nyingine kule seva haizioni kwa hiyo haiwezi kuzifuta.

Ila Karatasi kwa usalama ingia mipangilio ya seva uweke tiki ya kuacha barua kwenye seva na utoe hiyo ya siku 14, mpaka mambo yatulie. Hilo halina hasara.

#16 Waya2
Na kuna nadharia ya tatu hamjaitaja. Thunderbird toka toleo la 68 la 2019 kila instolesheni inapenda kuwa na profaili yake, yaani folda inayobeba mipangilio na barua zako. Inawezekana fundi alinakili profaili ya zamani vizuri kabisa, halafu alipoinstoli mpya ikajitengenezea nyingine tupu pembeni na ndio unayoiona. Karatasi fungua menyu ya msaada, ingia ile ya taarifa za utatuzi, utakuta humo about:profiles, ibonyeze. Ukikuta profaili mbili tu tumemaliza kesi bila kugusa diski ya zamani.

#17 Karatasi
Nimekuta moja tu. Jina lake ni herufi zisizosomeka halafu default-release. Ina MB chache sana.

#18 Waya2
Basi nadharia yangu imekufa. Twende kwenye bahasha.

#19 tindo_la_usiku
Mkuu diski ikiwa imekufa kuna njia moja nimesikia, unaifunga kwenye plastiki unaiweka friza masaa kadhaa inafufuka muda mfupi unanakili haraka haraka. Pia danlodi programu yoyote ya kurejesha mafaili uiinstoli humo humo kwenye diski ya zamani uiskani.

#20 Kitasa
Hapana, hapana, hapana. @tindo_la_usiku najua umeleta kwa nia njema lakini yote mawili yanaua. Ukiitoa friza unyevu unaganda juu ya zile sahani za ndani, kichwa kinapita kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, tone la maji hapo ni ukuta. Na kuinstoli kitu kwenye diski unayotaka kuokoa ni kuandika juu ya kile unachokitafuta. Diski ya zamani inasomwa tu, haiandikwi hata herufi moja.

Halafu hatujui kama imekufa, yeye kasema ilikuwa nzito tu. Ukiichomeka ukasikia inagonga tik, tik, tik, chomoa umeme hapo hapo usijaribu mara ya pili. Kama haigongi lakini inasoma kwa kusuasua, tumia programu ya ddrescue kwenye Linux, inasoma kwanza sehemu nzima nzima, inaandika ramani ya ilikopita, ndio inarudi kwenye sehemu mbovu mwisho. Kunakili kwa kuburuta na mausi kwenye diski yenye madoa kunaganda kwenye faili la kwanza bovu na kuendelea kuichosha.

Na swali: laptopu yako ilikuwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski nzima? Kama ndiyo ukiichomeka itakuomba ufunguo wa tarakimu 48.

#21 Karatasi
Tarakimu 48?? Sikumbuki kuwekewa kitu hicho. Kwa hiyo nifanyeje, mtu aniandikie taratibu tafadhali, nina kebo ile ya kuunganisha diski kwenye USB nimeazimwa.

#22 MzeeWaTeminali
Nakuandikia kama ninavyomwandikia binti yangu, soma yote kabla ya kuanza.

Funga Thunderbird kabisa. Chomeka diski ya zamani kwa hiyo kebo, Windows ikikuuliza uifomati KATAA. Ikishatokea, fungua ile diski, ingia Users, ingia kwenye jina lako, hapo Windows inaweza kusema huna ruhusa, bonyeza endelea, itafikiri dakika kadhaa. Sasa kwenye menyu ya kuonyesha weka tiki ya vitu vilivyofichwa, itatokea AppData kwa rangi iliyopauka. Humo ndimo fundi wako hakuingia, alichukua Documents na Picha na Desktop akaridhika, na fundi wengi wanafanya hivyo hivyo. AppData, kisha Roaming, kisha Thunderbird, kisha Profiles. Utakuta folda moja au zaidi, chagua yenye GB nyingi. Ndani yake kuna Mail na inawezekana na ImapMail.

Hapo ndipo ubishi wa NyukiMzee na SautiYaFeni utaisha. Zikiwa kwenye Mail zilikuwa za POP au za Folda za Hapa Hapa (Local Folders), zikiwa ImapMail zilikuwa za seva.

Ndani ya Mail kila folda yako ni faili lisilo na mkia. Kama ulikuwa na folda inaitwa Juma kutakuwa na faili Juma na lingine Juma.msf. Lile lisilo na mkia ndilo barua zenyewe, zimeandikwa kwa maandishi ya kawaida moja baada ya nyingine. Lenye .msf ni faharasa tu, hata ukilifuta linajitengeneza upya. Ukikuta Juma.sbd hiyo ni folda ya kweli na ndani yake kuna folda ndogo zako. Nakili vyote hivyo ukiacha .msf, bandika ndani ya Mail, Local Folders kwenye profaili mpya. Fungua Thunderbird. Zitatokea chini kushoto.

Na kabla ya kubandika tengeneza nakala ya folda nzima ya Profiles mahali pengine, flashi au diski ya nje. Hiyo nakala usiiguse.

#23 mdadisi_1
Hii niisevu. Asante mzee.

#24 SautiYaFeni
Nasubiri ImapMail.

#25 Karatasi
Wakuu! Wakuu!! Nimeichomeka, haigongi, inaunguruma taratibu tu. Sikuombwa ufunguo wowote. Nimefuata alivyosema MzeeWaTeminali mpaka kwenye Mail na mikono inatetemeka. Kuna folda mbili, moja ina jina la seva yangu na nyingine Local Folders, na ndani ya Local Folders kuna majina ya waandishi wangu! Yote! Faili la mtunzi wangu wa kwanza MB 640, halafu pembeni .msf yake MB 2. Nimelifungua moja kwa notipadi nione tu, likaanza na neno From na tarehe ya 2011, mistari ya ajabu ajabu mingi kisha katikati sentensi yangu mwenyewe, "sura ya tatu inaanza kuchelewa, msomaji ameshachoka kusubiri mvua". Nimeikumbuka siku ile nilipoiandika. Nimekaa kimya dakika nzima.

@SautiYaFeni ImapMail ipo pia, ina folda tano za ile akaunti yangu ya pili ya bure ambayo siitumii sana.

#26 SautiYaFeni
Kwa hiyo ulikuwa na POP na IMAP pamoja. Basi tumegawana ushindi.

#27 NyukiMzee
Folda 23 kwa 5 ndio unaita kugawana 😂 sawa ndugu yangu nakupa.

#28 Karatasi
Nimeshanakili kwenye flashi, nimebandika, nimefungua. Zimekuja 22. Matatizo matatu yamebaki:

Moja, folda inaitwa Tamthilia haijaja kabisa. Ni kubwa kuliko zote, kwenye diski ya zamani naiona GB 4.6.

Mbili, folda ya Mashairi imekuja lakini ndani inasema hakuna ujumbe hata mmoja, wakati faili lake ni GB 1.8.

Tatu na hii ndio inaniuma, folda ya mwandishi mmoja wa riwaya inaanza 2014 mpaka Machi 2019, halafu kimya, halafu inaendelea Januari 2021. Karibu miaka miwili haipo, na hiyo miaka miwili ndio tuliyoandika upya kitabu chote.

#29 Waya2
Ya kwanza naijua bila kuona. Flashi yako imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32. Faili moja kwenye FAT32 haliwezi kufika GB 4, likifika linakataliwa hata kama flashi ni ya GB 128 na iko tupu. Labda ulibonyeza ruka Windows ilipokuambia faili ni kubwa mno. Nakili Tamthilia moja kwa moja toka diski ya zamani kwenda mpya, usipite kwenye flashi, au fomati flashi kwa exFAT.

#30 MzeeWaTeminali
Ya pili: ulinakili na .msf? Faharasa ikiwa na makosa programu inaamini faharasa na siyo barua. Funga Thunderbird, futa Mashairi.msf, fungua tena, subiri, GB 1.8 inachukua muda kuisoma upya. Au bonyeza kwa kulia jina la folda, sifa, kuna kitufe cha kutengeneza folda upya.

#31 Karatasi
Niliruka kweli @Waya2, niliona ujumbe nikadhani ni onyo tu. Nimenakili moja kwa moja, Tamthilia imekuja yote. Na Mashairi nimefuta .msf, nimekaa naangalia namba inapanda, 200, 900, 3,000, mpaka 5,412. Mungu awabariki. Imebaki ya tatu.

#32 Kobe74
Ya tatu ina majibu mengi. La kwanza linalonijia ni herufi A. Kwenye Thunderbird ukibonyeza A kwenye kibodi wakati umechagua barua, inazipeleka kwenye folda ya kumbukumbu inaitwa Archives na kuzipanga kwa mwaka. Mtu anachagua barua zote anataka kufanya jambo lingine kidole kinagusa A, barua zimehama na hajui. Angalia kama kuna Archives.sbd popote kule kwenye diski ya zamani, ndani ya Local Folders na ndani ya ile ya jina la seva.

#33 Kitasa
Mimi nasema diski. Ilikuwa inachukua robo saa kuwaka, hiyo ni dalili ya sehemu mbovu. Faili linaweza kunakiliwa likawa na shimo katikati. Arudi na ddrescue achukue diski nzima kama taswira, yaani nakala kamili ya diski ndani ya faili moja, halafu atafute ndani ya taswira.

#34 NyukiMzee
@Kitasa shimo la diski haliwezi kuanza na kuisha kwenye mpaka wa barua kwa usafi hivyo. Lingekata barua katikati na Windows ingelalamika wakati wa kunakili. Mimi nashuku kitu kingine. Karatasi, kati ya 2019 na 2021 ulikuwa unasomea emaili kwenye mashine hii hii? Kwa sababu POP kwenye mashine mbili ni balaa, ya kwanza kushusha na kufuta ndiyo inabaki nazo, ya pili haizioni kamwe.

#35 tindo_la_usiku
Vipi antivirasi? Nimeshuhudia (hii siyo ya kusikia) antivirasi imekuta kiambatisho kibaya kimoja ndani ya faili la inbox, ikaona faili zima ndio kirusi, ikalifungia lote karantini.

#36 Kobe74
Hiyo ni kweli inatokea kwa mafaili ya aina hii, kwa sababu barua zote ni faili moja. Lakini ingeondoka folda nzima, siyo miaka miwili ya katikati.

#37 MzeeWaTeminali
Kuna jingine. Barua inatambulika kuanza kwa ule mstari wa From mwanzoni. Mstari ukiharibika barua inayofuata inamezwa na ya kabla yake, na zikiharibika nyingi unaona barua moja kubwa kuliko kawaida. Panga folda kwa ukubwa uangalie ile ya mwisho ya Machi 2019 ina ukubwa gani. Pia fungua faili kwa programu ya maandishi inayobeba mafaili makubwa, utafute neno "2020". Likitokea barua zimo, hazionekani tu. Na kama ulizifuta kwa bahati mbaya, zinabaki ndani ya faili zimewekewa alama mpaka folda itakapobanwa, ndio maana nawaambia watu wasikubali haraka programu ikiuliza ibane folda.

#38 fundi_mstaafu
Nimesoma uzi wote. Nilifanya kazi ya kubadili diski miaka mingi na naomba niseme neno kwa upande wetu. Mteja akija anasema "nihamishie kila kitu" na wewe unaona Documents na Picha unahisi ndio kila kitu. Mimi nilijifunza baada ya kumpotezea mama mmoja barua za mwanae, diski nilikuwa nimeshaifomati na nimeiuza. Programu ya kuokoa mafaili, PhotoRec, ilirudisha vipande, lakini inarudisha bila majina wala folda, maelfu ya mafaili yenye namba tu, na tulikaa naye siku tatu tunafungua moja moja. Toka siku hiyo niliuliza kila mteja swali moja, barua pepe unasomea wapi, kwa brauza au kwa programu. Na diski ya zamani nilikuwa namrudishia mwenyewe mkononi. Huyu fundi wa Karatasi alikosea kusema ziko intaneti lakini kwa kurudisha diski kwenye bahasha alimwokoa.

#39 bint_alfajiri
@fundi_mstaafu umenigusa. Alizipata zote?

#40 fundi_mstaafu
Hapana. Kama nusu. Aliyoitaka zaidi ilikuwemo.

#41 ndege_wa_ghorofani
Samahani naingilia, mimi natumia Mac, nimebadilishiwa SSD na nataka kurudisha folda, na mimi nitafute AppData?

#42 Kobe74
Kwako ni maktaba ya mtumiaji, Library kisha Mail, nayo imefichwa, shikilia kitufe cha Option ukifungua menyu ya Go. Humo barua ni moja moja zenye mkia .emlx. Ila kama diski iliyotoka ilikuwa ni SSD na kuna kitu kilifutwa humo usijipe matumaini makubwa, SSD zikiambiwa kitu kimefutwa zinakisafisha zenyewe mapema, siyo kama diski za sahani ambapo kilichofutwa kinabaki mpaka kiandikwe juu. Fungua uzi wako mkuu tutakuja.

#43 Karatasi
Narudi na majibu. Archives ipo, ina mwaka 2020 tu na barua 31, zote za matangazo ya maonyesho ya vitabu, hamna za mwandishi wangu. Nimepanga kwa ukubwa, ya mwisho ya Machi 2019 ni ya kawaida tu KB 48. Nimetafuta "2020" ndani ya faili, imetokea mara nyingi ila ni kwenye barua za 2021 tunapokumbushana mambo. Kwa hiyo hazimo humo. @NyukiMzee mashine ni hii hii ila sasa nakumbuka, kuna kipindi nilikuwa nahariri na mwenzangu, tuliweka akaunti hiyo hiyo kwenye kompyuta yake ili asaidie kujibu. Sikumbuki vizuri ni miezi mingapi.

#44 NyukiMzee
Ndio hiyo. Kompyuta yake imezishusha.

#45 Kitasa
Lakini basi zingekosekana za waandishi wote kipindi hicho siyo mmoja. Folda nyingine zina barua za 2020?

#46 Karatasi
Zinazo. Zipo nyingi tu.

#47 NyukiMzee
Hmm. Labda mwenzako alikuwa amewekewa kichujio cha mwandishi huyo.

#48 Kitasa
Au wewe ulikuwa na kichujio. Angalia faili linaitwa msgFilterRules.dat kwenye profaili ya zamani, linafunguka kwa notipadi, utaona kila sheria ya kuhamisha barua na inakopeleka.

#49 Karatasi
Kuna sheria mbili tu na zote ni za kupeleka matangazo kwenye takataka. Mwenzangu nimempigia, ile kompyuta alishaigawa.

Ila wakuu jambo moja. Nilipoona tumekwama nimemwandikia mwandishi mwenyewe nikamweleza. Yeye hafuti kitu. Usiku huu kanitumia barua zetu zote za kipindi hicho kama viambatisho, faili za .eml 186, zangu na zake. Nimezifungua kwenye folda ya kompyuta na sasa hivi naziburuta moja moja kuingiza kwenye folda yake, kila moja inakwenda kukaa kwenye tarehe yake. Nimefika Agosti 2019.

#50 MzeeWaTeminali
Chagua zote kwa Ctrl na A uburute kwa pamoja mwanangu, zitaingia.

#51 Karatasi
Najua, asante mzee. Nazisoma.